Funguo za Mapipa

Mtu huyu ukikutana naye mtaani humtazami mara mbili. Mfupi, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwaka la kupasua kichwa, viatu vinang'aa, na mkono mmoja hautoki mfukoni kwa sababu mfukoni kuna funguo na lazima azipapase ajue kama zipo. Watu walimwita Kufuli. Kila kitu chake kilikuwa na kufuli: baiskeli, kabati, debe la sukari, hata pipa la maji la uani, maji ambayo mwizi mwenye akili timamu asingepoteza jasho kuyabeba. Mkewe alivumilia, akavumilia, mpaka siku aliyokuta kabati la vyombo limefungwa, wageni wamekaa sebuleni, na mwenye ufunguo yuko baharini. Akakusanya nguo zake akaenda zake. Ukimuuliza Kufuli atakwambia mke alikosa subira. Haya, tumwachie hilo.

Lakini kazini, jamani, tabia hiyohiyo ndiyo iliyompa jina. Alikuwa baharia kwenye meli ndogo ya doria, moja ya zile zinazozungukazunguka karibu na pwani kuwinda nyambizi za adui. Usifikirie manowari za kwenye picha zenye mizinga kama minara. Hii ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya mbele, wa nyuma anamwambia pole. Ilikuwa na mzinga mmoja uliopenda kukwama, mtambo wa kusikilizia chini ya maji uliosikia kila kitu pamoja na masufuria ya mpishi, na nyuma kabisa, juu ya reli za chuma, ilikuwa na mapipa.

Hayo mapipa ndiyo kazi yenyewe. Ni mabomu. Yanaviringishwa yaangukie baharini pale nyambizi inapodhaniwa kujificha, na kila pipa lina kifaa ndani kinachopima uzito wa maji. Likizama mpaka kina ulichokipanga, linalipuka. Juu ya sitaha ni chuma tu, unaweza kulikalia ukamenya chungwa. Likishaingia majini halina rafiki. Halijui kama limetupwa na wenyewe au limezama pamoja na meli ya wenyewe. Kwa hiyo ubavuni mwa kila pipa kuna tundu, na kuna ufunguo wa chuma wa kuzungusha ndani ya tundu hilo: kina kifupi, kina kirefu, au kulizima kabisa. Meli ikipigwa ikaanza kuzama, mtu wa mapipa hana ruhusa ya kuruka. Anapita reli nzima, anazima pipa baada ya pipa, ndipo anaangalia roho yake. Asipofanya hivyo, wenzake watakuwa wanaogelea juu huku mapipa yanateremka chini yao. Kufuli aliwaeleza mabaharia wapya jambo hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza namna ya kufunga kamba za viatu, na wao walimtumbulia macho wakameza mate.

Amri ya nahodha ilikuwa mapipa yakae tayari muda wote, hata meli ikiwa imefungwa bandarini, yamepangwa kina kifupi, kwa sababu maji ya pwani ni ya kina kifupi na adui hapigi hodi. Kwa hiyo ufunguo haukuwa na kazi kubwa ya kila siku. Kazi yake ilikuwa kuwepo pale unapohitajika.

Funguo zilikuwa mbili, na zamani mmoja ulikuwa wa Kufuli, mwingine wa msaidizi. Siku moja msaidizi wa wakati huo akazungusha pipa nusunusu akaliacha hivyo, halijazimwa wala halijawashwa. Kufuli alipoliona alifoka mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani meli inaungua. Tangu hapo akazichukua zote mbili, akazitia kwenye kamba moja, akazivaa shingoni. Nahodha akaridhia. "Kwa Kufuli hakiharibiki kitu," alisema, na neno hilo Kufuli alitembea nalo kama medali. Utaratibu ukawa kwamba akiteremka kwenda nchi kavu anazivua, anazitundika ndani ya kisanduku chekundu kilichoko kando ya reli. Akirudi anazivaa. Alioga nazo, alilala nazo, na baada ya muda hakuzihisi tena, kama wewe usivyouhisi ulimi wako mdomoni.

Msaidizi yule alipohamishwa, nafasi yake akaichukua mdogo wake Kufuli mwenyewe.

Huyu walimwita Kasuku, na sina haja ya kukueleza kwa nini. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, aliongea na mapipa. Mama yao hakutaka kabisa mtoto wa mwisho aende kwenye meli za vita. Alikaa kwenye mkeka wake, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, akasema amekwisha toa mmoja na serikali itosheke. Kufuli akachuchumaa mbele yake. "Mama, niachie mimi. Atakuwa reli moja na mimi. Nitakurudishia mwanao mzima, hana hata mchubuko."

"Umesema wewe," mama akamwambia. "Mimi nakujua hupotezi kitu."

Na kweli alimwangalia. Alimkagua koti la kuokolea maisha kila asubuhi, akamvuta sikio akisahau kulifunga. Kasuku naye alijifanya kuchoka, lakini nyuma ya mgongo wa kaka yake hakuwa na hadithi nyingine. "Kaka yangu? Mwazime sindano ukafe, atakuja msibani kuirudisha." Mabaharia walikufa kwa kicheko. Yeye alicheka nao, lakini ungemwona usoni kwamba anajivunia.

Sasa siku yenyewe. Meli ilikuwa gatini, mitambo imefunguliwa, fundi mitambo amejaa grisi mpaka masikioni na ameapa kwamba chombo hiki leo hakitoki hata kwa miujiza. Mguu wa mama ulikuwa umevimba tena, Kufuli akaomba ruhusa ampeleke zahanati, akapewa. Akaoga, akavaa shati la kiraia, akafunga vifungo mpaka juu. Mama alikwisha fika kwenye geti la bandari, amesimama juani kwa mguu mmoja, na yule askari wa zamu hakumpa hata kiti. Kufuli alipomwona kwa mbali akaharakisha roho ikimuuma. Alipita kando ya kisanduku chekundu. Kasuku alikuwa amekikalia, miguu inaning'inia.

"Kaka, msalimie mama. Mwambie nakula nashiba, asiniletee vyakula tena hapo getini, wenzangu wananicheka."

"Ondoka juu ya kisanduku hicho, si kiti," Kufuli akamfokea, akateremka ngazi.

Basi. Alimwondoa mtu juu ya kisanduku, na kisanduku chenyewe hakukifungua.

Zahanati ilijaa. Wakapata benchi ukutani, na Kufuli akainama kumvua mama kiatu ili mguu upumue. Alipoinama, kitu kikagonga ubao wa benchi ndani ya shati lake. "Umevaa nini humo, baba?" mama akauliza. "Kengele?" Kufuli akapeleka mkono kifuani. Funguo zote mbili.

Akakaa akijishika kifua huku mama akimwangalia. Halafu akaanza kujituliza. Mitambo imefunguliwa. Fundi ameapa. Mama akishaonwa na daktari, atarudi, atazitundika, na hakuna atakayejua. Kurudi sasa hivi ni kumwacha mzee peke yake kwenye foleni, na pia ni kupita mbele ya watu wote mkono shingoni, na Kasuku atauliza, na akishajua Kasuku imejua bandari nzima. Kufuli kasahau funguo! Utani huo usingeisha mpaka wazikwe. Akapangusa jasho, akaendelea kukaa.

Ndipo king'ora cha bandari kikalia.

Sijui niseme fundi yule alikuwa bingwa au alikuwa mwongo, ila mitambo ilikwisha rudishwa mapema na mkuu wa bandari alikwisha letewa habari kwamba nyambizi imeonekana karibu na mdomo wa ghuba. Kufuli hakumwambia mama neno. Alikimbia. Mtu wa makamo, na viatu vyake vya kung'aa, akikata katikati ya barabara huku wenye magari wakimtukana, akapita geti bila kumwonyesha askari kitambulisho, akapanda juu ya ukuta mrefu wa mawe unaokinga bandari. Meli ilikuwa imekwisha toka gatini. Ilikuwa inapita mwisho wa ukuta, moshi mweusi nyuma.

Kasuku alikuwa pale nyuma kando ya mapipa. Kufuli akaivua kamba shingoni, akainyanyua juu, akaitikisa, akapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Kwa umbali ule ungeona nini? Ungeona mtu mfupi anapunga mkono. Kasuku akavua kofia, akapunga kwa mikono miwili, halafu akacheza kidogo, kiuno huku na huku, ili wenzake wacheke. Akawa anazidi kuwa mdogo.

Mwisho wa ukuta kuna kibanda cha ishara, juu ya ngazi za chuma, chenye taa kubwa ya kuzungumza na meli. Mpiga ishara alikuwa mwenzake wa karata. Kufuli akapanda ngazi mbio.

"Vipi? Unahema kama umefukuzwa na mbwa," mpiga ishara akasema. Mkono wake ulikuwa juu ya taa. Taa ilikuwa inafanya kazi. Meli bado ilikuwa inaonekana vizuri kabisa.

Hapo! Hapo ndipo ninapotamani kumkamata mabega nimtikise. Sema, bwana wee! Sema neno moja tu, aibu haiui mtu! Lakini Kufuli alikuwa anapiga hesabu zake. Meli ya vita inarudishwa na adui yuko mlangoni, kwa sababu ya nani? Nahodha atauliza. Atasimamishwa mbele ya wote, yeye, ambaye kwake hakiharibiki kitu. Na mara ngapi wametoka na kurudi mikono mitupu, nyambizi yenyewe ikawa gogo au nyangumi? Watarudi kabla ya jioni. Wanarudi siku zote.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilitaka kujua kama wametoka wote."

"Wametoka. Umeachwa, bwana mkubwa! Leo unakula mshahara wa bure."

Kufuli akacheka. Nasikitika kusema hivyo, lakini alicheka. Akaficha kamba mfukoni, akateremka, akarudi zahanati kumchukua mama, akamkuta bado kwenye foleni na kiatu mkononi. Wakaonwa, wakapewa dawa ya kuchua, wakaenda nyumbani kwa mama. Njiani mama alilalamika kwamba mtu mzima gani anamkimbia mama yake bila kuaga. Aliitikia tu.

Alikuwa anamchua mguu pale ukumbini, vidole vimejaa mafuta, mlio wa kwanza uliposikika. Ulikuwa mmoja, mzito, wa mbali. Vikombe vikatetemeka kabatini. Kufuli akaacha kuchua. Mlio wa mapipa anaujua, na huu haukuwa wa pipa. Ulikuwa wa kombora la nyambizi limepata chuma.

"Wanawapiga!" mama akasema kwa furaha. "Wapige hao wanaharamu! Mungu wasaidie wanangu."

"Mmm," Kufuli akasema.

Akasubiri. Aliniambia mtu aliyekaa naye miaka mingi kwamba dakika zile ndizo zilizomla nywele, na mimi nasadiki. Alikuwa anajua kila hatua. Sasa nahodha ametoa amri ya kuacha meli. Sasa wanafunga makoti. Sasa Kasuku anakifungua kisanduku. Akawa anaomba, bila hata kujua anamwomba nani, kwamba meli isizame, ielee, iegemee mwamba, kitu chochote. Ndipo ikaja milio mingine. Mapipa yakitupwa kwa kazi yana mpango wake: linalia moja, kimya, linalia jingine. Haya hayakuwa na mpango. Yalilia yakipandana, mengi kwa pamoja, kama watu wanaogombea mlango mmoja.

Mama akapiga makofi. Kufuli akatoka uani akatapika.

Waliookotwa walikuwa wachache, unaweza kuwaweka kwenye chumba kimoja, na kweli waliwekwa chumba kimoja, wodi ya mwisho ya hospitali ya bandari. Kasuku alikuwamo. Ngoja nikwambie mama alivyofurahi! Mwanawe alikuwa amelala kitandani, nywele bado zina chumvi, na mwilini hana jeraha. Mama alimpapasa mikono, akafunua shuka akamkagua miguu, akamgeukia Kufuli machozi yakimtiririka. "Hana hata mchubuko! Ulisema, baba, na kweli! Hana hata mchubuko!" Akatoka akichechemea kwenda kutafuta mahali pa kumpikia mgonjwa kitu cha moto.

Kufuli hakufurahi. Kwenye mafunzo walifundishwa, naye alikuwa akiwafundisha wengine. Mlipuko wa chini ya maji hauna shida na ngozi. Unapita, unaenda kupiga ndani, mapafu na utumbo. Aliona tumbo la mdogo wake lilivyokakamaa chini ya shuka. Aliona midomo ilivyopauka. Daktari alikuwa amesema watampasua wakipata damu, akasema hivyo bila kumwangalia mtu machoni.

Kasuku hakuwa na sauti, lakini Kasuku ni Kasuku, lazima aseme.

"Kaka. Funguo uliziweka wapi?"

Kufuli akalivuta shuka, akamfunika miguu.

"Nilifungua kisanduku sikuona. Nikapapasa chini, nikapapasa nyuma. Nahodha akaniambia, ruka, huyo kaka yako kaondoka nazo. Nikamwambia, kaka yangu? Labda kaka wa mtu mwingine!" Akajaribu kucheka, uso ukakunjamana kwa maumivu. "Nikajua zipo tu, mimi ndiye sioni. Wenzangu walikwisha ruka. Nilijaribu na koleo, koleo ikateleza. Nikarudi tena kwenye kisanduku. Nilitafuta, kaka. Mpaka maji yakanifika hapa. Zilikuwa wapi?"

Mtu unajiuliza, angesema nini? Neno la kweli lilikuwa fupi. Zilikuwa nami. Kasuku angemwangalia, pengine angemtukana, pengine angelia, lakini angekufa anajua hana deni na mtu. Kufuli alifungua mdomo na lile neno lilikuwepo, naapa lilikuwepo. Ila macho ya mdogo wake yalikuwa yanamwangalia vilevile kama zamani, ya mtu anayejua kaka hapotezi kitu. Akashindwa kuyaharibu. Au tuseme ukweli, akashindwa kujiharibu yeye ndani ya macho hayo.

"Zilikuwa kisandukuni," akasema. "Kwenye ule msumari mdogo wa juu. Upande wa mfuniko."

Kasuku akanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akanyamaza hasa.

"Wa mfuniko," akasema baadaye. "Huko sikupapasa."

"Kulikuwa na vurugu," Kufuli akasema haraka. "Si kosa lako. Mtu yeyote..."

"Walikuwa wananiita majini, kaka. Mpishi alikuwa ananiita, ruka, mtoto, ruka. Kumbe mimi ndiye nimewaua."

"Usiseme hivyo!"

"Sasa ni nani?"

Kufuli akamshika mkono. Akasema moyoni, sasa, sema sasa. Na hapo mlango ukafunguliwa, akaingia afisa kutoka makao makuu, kofia kwapani, mtu mpole wa sauti ya chini, aliyekuja kuwauliza walionusurika kwa nini mapipa hayakuzimwa. Kabla hajamaliza swali Kasuku alikwisha jibu. "Ni mimi, afande. Funguo zilikuwepo mahali pake. Kaka aliziacha. Mimi ndiye sikuziona." Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza vichwa. Mmoja wao, mtu wa mtambo wa kusikilizia, aliyekuwa amefungwa bendeji masikio yote mawili, hakusikia, akamwuliza mwenzake kwa ishara, na mwenzake akamwandikia hewani kwa kidole umbo la ufunguo, kisha akamwonyesha Kasuku.

Afisa akamgeukia Kufuli. "Ndivyo?"

Kufuli alisimama wima kama alivyofundishwa. "Ndivyo, afande."

Afisa akashusha pumzi, akamgusa Kasuku begani, akamwambia apumzike, vita ni vita. Akaenda.

Wauguzi wakaja na machela. Damu ilikuwa imepatikana. Kasuku alipokuwa anasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji alikuwa anatazama dari, hakumtazama mtu. Mama alirudi na bakuli la uji limefunikwa sahani, akakuta kitanda kitupu, akakaa kando yake akilishika bakuli ili lisipoe, mpaka daktari alipotoka. Daktari hakuwa na haja ya kusema kitu. Mama alimwona anavyovua kofia, akaliweka bakuli sakafuni, akaanza kulia kwa sauti ambayo Kufuli hakuwahi kuisikia kwake.

Funguo, Kufuli alizitupa baharini kesho yake, pale kwenye ukuta, akageuka haraka kabla hazijamaliza kuzama. Basi ndivyo zilivyoisha.

Habari hazina miguu lakini zinatembea. Katika ile mitaa ya mabaharia, kila kona sasa kulikuwa na mjane. Kwanza wakanong'ona. Halafu wakaacha kunong'ona, wakasema waziwazi: Kijana mropokaji, kazi yake kuchekesha watu, kasimama mbele ya kisanduku na funguo ziko mbele ya pua yake, akapapasa huku na huku kama kipofu, wanaume wazima wakafa kama samaki. Mama alipokwenda dukani wanawake walimpisha njia, na si kwa heshima. Kwenye msiba wa Kasuku viti vilibaki vitupu.

Na Kufuli? Huyo walimhurumia. "Maskini, yeye aliziacha mahali pake. Ungemlaumuje mtu kama yule?" Jina lake likazidi kung'aa. Ofisi ya bandari ikampa kazi ya kutunza ghala la vifaa, na ndani ya ghala hilo hakufunga kitu chochote. Watu wa huko walishangaa. Milango wazi, makabati wazi. Walipomwuliza, alisema mkono unamuuma.

Mama akaamka siku moja akasema anataka kuzunguka nyumba zile zote. Zote za waliokufa. Anataka kuomba msamaha.

"Mama, mguu wako..."

"Mguu wangu! Nimezaa mtu aliyeua baba za watoto, wewe unaniambia mguu? Utanishika mkono. Hutaki, nitatambaa."

Akamshika mkono. Wakawa wanatoka kila alasiri, polepole, mama akichechemea, yeye akiwa upande wa mguu mbovu. Mlango baada ya mlango. Kwingine walikaribishwa, kwingine walifungiwa mlango puani, na nyumba moja walimwagiwa maji machafu ya kufulia, mama akajifuta uso kwa kanga akasema asante, akaendelea na njia.

Siku waliyokuwa wanakwenda kwa mke wa mpishi, Kufuli alisimama katikati ya njia. Alikuwa amekonda, shati lilikuwa linamcheza. "Mama," akasema. "Kuna jambo." Akapata kigugumizi. "Siku ile..."

"Nalijua jambo lako," mama akasema, akamkaza mkono. "Unajilaumu kwamba hukuwepo. Nami najilaumu, kwani si mguu wangu huu uliokutoa melini? Ungekuwepo wewe, mwanangu, asingekufa mtu. Mungu asikunyime kitu. Nimebaki nawe tu, wa kuniinulia uso mbele za watu. Twende."

Wakaenda. Mke wa mpishi alikuwa amepanga chumba kimoja, nguo za watoto zimeanikwa juu ya kamba iliyopita katikati ya chumba, na yeye alikuwa anapinda suruali ya marehemu ili imfae mwanawe. Mama akapiga magoti pale sakafuni, na mguu ule, akasema maneno aliyoyasema nyumba zote. Kwamba mwanawe alikuwa na funguo mbele ya macho yake na hakuziona. Kwamba hakukusudia. Kwamba amekuja yeye mama yake kwa sababu yeye mwenyewe hawezi tena kuja.

Mwanamke alishona kidogo. Uzi ukakatika, akauweka kando.

"Inuka mama, ukae kitandani. Siwezi kukudanganya kwamba nimemsamehe. Usiku nikilala namwona yule kijana akipapasapapasa. Siwezi."

"Sawa, mwanangu," mama akasema. "Nitarudi siku nyingine."

Kufuli alikuwa bado amesimama kizingitini, kichwa chini, mikono imelegea. Mke wa mpishi akamwona, uso wake ukalainika. Akaondoa nguo kwenye kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Na wewe mbona umesimama nje kama mgeni? Ingia, kaka. Sisi wewe hatuna neno nawe. Wewe ulifanya kazi yako."

Kufuli akamtazama mama yake. Halafu akaingia, akakaa.